Tarehe 8 Februari: jinsi WhatsApp ilivyokaribia kuhamwa, na kwa nini haikuhamwa

Wiki ya kwanza ya Januari 2021, watu wengi sana walifungua WhatsApp wakakuta tangazo limeziba kioo cha simu. Masharti ya matumizi na sera ya faragha vimebadilika, wakaambiwa, na wanatakiwa kukubali. Aliyetaka muda wa kufikiri aliweza kulisogeza pembeni kwa siku kadhaa, lakini maneno yenyewe hayakuwa na mafumbo: ikifika tarehe 8 Februari, asiyekubali hataendelea kuitumia WhatsApp.

Tukiuliza kama mtandao uliotawala unaweza kunyang'anywa watu wake, huwa tunawatazama waliokwisha kuanguka. Mimi naona kisa cha aliyeponea chupuchupu kina mafunzo zaidi. Januari ile WhatsApp ilikuwa na watumiaji zaidi ya bilioni 2, kwa hesabu iliyoitangaza yenyewe Februari 2020, na kwa wiki mbili hivi ilikuwa katika hatari ambayo hakuna mpinzani aliyewahi kuiingiza. Hatari hiyo ilijiletea yenyewe, kwa kuwapa watu wote hao tarehe moja. Ilipona ilipoifuta.

Tuanze na mabadiliko yenyewe, maana yalieleweka vibaya. Wengi walisambaza habari kwamba sasa Facebook itasoma meseji zao. Hilo halikuwa kweli. Tangu Aprili 2016 meseji za WhatsApp husafiri zimefungwa kwa namna ambayo mtumaji na mpokeaji pekee ndio wanaoweza kuzifungua, na sera mpya haikugusa hapo. Iligusa zaidi mazungumzo kati ya mteja na biashara. Ile habari ya WhatsApp kuipa Facebook namba ya simu ya mtumiaji na taarifa nyingine za akaunti yake ilikuwa imeanza Agosti 2016. Wakati ule watumiaji waliokuwepo walipewa siku 30 za kukataa sehemu ya matumizi hayo, na wengi hawakujua hata kama siku hizo zilipita. Kwa hiyo Januari 2021 watu walikasirishwa na jambo lililokuwa na zaidi ya miaka minne.

Sisemi hasira yao haikuwa na msingi. Ilikuwa nao, na imara. Facebook ilipotangaza Februari 2014 kuinunua WhatsApp kwa dola bilioni 19, iliwaambia wasimamizi wa Ulaya kwamba haikuwa na njia ya uhakika ya kuoanisha akaunti za mitandao hiyo miwili. Mei 2017 Tume ya Ulaya iliitoza faini ya euro milioni 110 kwa kutoa maelezo ya kupotosha kuhusu jambo hilohilo. Mmoja wa waasisi wawili wa WhatsApp, Brian Acton, aliondoka mwaka 2017. Mwaka uliofuata alitoa dola milioni 50 kuanzisha taasisi ya Signal, programu ya meseji, pamoja na Moxie Marlinspike aliyeiasisi programu hiyo. Mtu aliyeijenga WhatsApp alikuwa sasa analea mpinzani wake, na mpinzani huyo ndiye aliyebuni mfumo wa usiri ambao WhatsApp inautumia hadi leo.

Basi Januari 2021 mpinzani alikuwepo, alikuwa wa bure, alifanya kazi vizuri, na alikuwa na sifa safi. Tarehe 7 Elon Musk aliandika maneno mawili tu kwenye Twitter akiwaambia wafuasi wake watumie Signal, na siku hiyohiyo namba za kuthibitisha akaunti mpya zikaanza kuchelewa kwa wingi wa watu. Kampuni ya Sensor Tower ilikadiria kwamba kati ya tarehe 6 na 10 Signal ilipakuliwa mara milioni 7.5 hivi. Tarehe 12 Pavel Durov, mwasisi wa Telegram, programu nyingine ya meseji, alitangaza wageni milioni 25 ndani ya saa 72 na jumla ya watumiaji zaidi ya milioni 500. Huko Uturuki ofisi ya rais ilihamishia magrupu yake ya waandishi wa habari kwenye BiP, programu ya kampuni ya simu ya Turkcell, ambayo ilisema ilipata watu zaidi ya milioni 1 kwa siku moja.

Takwimu hizi ndizo zilizowafanya wengi waandike kwamba enzi ya WhatsApp imekwisha. Kosa lao lilikuwa kuhesabu waliopakua kana kwamba wamehama. Kupakua Signal hakukumtoa mtu WhatsApp. Kulimwongezea alama moja kwenye simu.

Grupu ndilo fundo lenyewe

Signal na Telegram hutumia namba ya simu, kama WhatsApp. Ukisakinisha, majina yaliyomo kwenye simu yako yanasomwa na mara moja unaona nani yupo. Kwenye mitandao ya zamani orodha ya marafiki ilikuwa mali ya mtandao, na kuondoka kulimaanisha kuiacha nyuma. Hapa ilikuwa mfukoni mwa mtumiaji. Ukuta ambao kwa miaka mingi ulitajwa kuwa ndio unaowafunga watu ndani haukuwepo, na bado watu hawakutoka.

Kilichowabakiza ni magrupu. Tazama grupu la kamati ya harusi Dar es Salaam au Mombasa. Linaanzishwa miezi michache kabla ya siku yenyewe, linakusanya ndugu, wafanyakazi wenza, majirani na watu waliosoma pamoja, na kila siku mweka hazina anabandika orodha: aliyeahidi kiasi gani, aliyelipa kiasi gani, anayedaiwa nini. Harusi ikiisha, grupu linakufa. Kwa kuwa ni jipya kila mara, mtu angedhani ndilo rahisi kulianzishia kwingine, maana hakuna historia ya kuhamisha. Lakini mwenyekiti hawezi kuthubutu. Grupu la michango lina maana endapo kila anayetarajiwa kuchanga yumo, pamoja na mjomba wa Tanga mwenye simu ya zamani na shangazi ambaye bando lake ni lile la WhatsApp tu. Mwaka ule, kama ilivyo sasa, kampuni za simu za kwetu ziliuza vifurushi vya bei ndogo vinavyofungua programu zilizotajwa tu. Kwa mwenye kifurushi cha namna hiyo, Signal haikuwa ya bure hata kidogo. Mmoja akikosekana, hakuna atakayemlaumu kwa kutokuwa na programu mpya. Atalaumiwa mwenyekiti aliyewatupa wazee nje.

Magrupu ya kikoba, ya ukoo, ya wazazi wa darasa, ya jumuiya ya kanisa, ya wapangaji wa jengo moja yote yana sharti hilo. Kila grupu huenda kwa kasi ya mwanachama wake mzito zaidi. Na mtu mmoja yumo katika mengi: hata kumi yakikubali kuhama, la kumi na moja linamrudisha WhatsApp kila asubuhi. Akishafika huko, anajibu na meseji nyingine zote.

Signal walilijua hili. Tangu siku za mwanzo za wimbi lile waliwaelekeza watu watengeneze kiungo cha grupu jipya kisha wakibandike ndani ya grupu la zamani. Ni shauri zuri, na lilifanya kazi kwa magrupu madogo yenye watu wanaofanana. Kwa grupu la watu 200 lilizaa magrupu mawili: moja lenye wenye ari, jingine lenye kila mtu. Baada ya majuma machache wenye ari wanachoka kubandika kila jambo mara mbili.

Tarehe ilibadilisha hesabu

Sasa rudi kwenye tarehe 8 Februari. Abiria stendi wanajua kwamba kati ya mabasi mawili yanayokwenda njia moja, watu hujaa lile linaloonekana litaondoka, na wakishaanza kujaa wengine hufuata. Shida ya kuhama grupu ni ya namna hiyo: kila mmoja yuko tayari kwenda wenzake wakienda, na hakuna anayejua wenzake wataenda lini. Hakuna mpinzani wa WhatsApp aliyekuwa na uwezo wa kuwatangazia watu bilioni 2 siku moja ya kuamua. Fedha za matangazo za kulifanya hilo hazipo. WhatsApp iliwafanyia kazi hiyo bure, kwa lugha za watumiaji, juu ya skrini ya kila mmoja wao.

Ghafla admini aliyekuwa akiona aibu kulileta jambo la kuhama alikuwa na sababu ya kulileta. "Jamani, kabla ya tarehe 8 tuamue." Sentensi ya aina hiyo ilikuwa haiwezekani Desemba. Januari ikawa ya kawaida, kwa sababu kila aliyeisoma alikuwa ameliona tangazo lilelile. Na palikuwa na jambo jingine lililokuwa zito zaidi: kutokubali kungemaanisha kutolewa. Kwa kawaida mtu hukaa na programu mbili milele, na kwa kukaa na zote mbili haamui kamwe. Tarehe iliondoa njia hiyo ya katikati kwa wale waliokasirika kweli. Kama wangeshikilia msimamo wao, wangekatwa, na magrupu yao yangebaki na mapengo. Mapengo hayo ndiyo yangewalazimu wengine wawafuate.

Tarehe 15 Januari mambo mawili yalitokea pamoja. Signal ilizidiwa na kuanguka, na ilichukua zaidi ya siku nzima kurudi sawasawa. Na siku hiyohiyo WhatsApp ilitangaza kwamba hakuna atakayefungiwa akaunti tarehe 8 Februari, na kwamba jambo zima limeahirishwa hadi tarehe 15 Mei.

Kuanguka kwa Signal kulitajwa sana. Mimi nalihesabu kuwa dogo, kwa sababu watu husamehe huduma inayolemewa na wageni. Tangazo la WhatsApp ndilo lililoimaliza hamahama. Mwenye haraka akaambiwa ana miezi minne. Grupu lililokuwa linajadili likaahirisha mjadala, na grupu likishaahirisha mjadala wa namna hiyo haliurudii. Baadaye mwezi uleule WhatsApp ilitumia sehemu yake ya stetasi kuwaambia watumiaji kwamba haisomi mazungumzo yao, na huko India ilikuwa imeshanunua kurasa nzima za magazeti. Nadhani hayo yalituliza nyoyo kiasi, lakini kazi ilikuwa imeshafanyika.

Tarehe 28 Januari Telegram ilileta kitu ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kilichokuwa cha maana zaidi kwa upande wa wapinzani katika kisa chote: uwezo wa kuhamisha mazungumzo yote ya WhatsApp, pamoja na picha, hadi ndani ya Telegram. Yaani historia ya grupu, ile orodha ya michango na zile picha za mtoto wa dada, vingeweza kwenda pamoja na watu. Kingekuja tarehe 8 Januari huenda ningekuwa naandika habari tofauti. Kilikuja siku 13 baada ya shinikizo kuondolewa.

Mei ilipofika, WhatsApp ilisema kwanza kwamba asiyekubali atapunguziwa huduma kidogo kidogo. Mwishoni mwa mwezi huohuo ikaachana na hilo pia: hakuna atakayepunguziwa chochote. Waliokubali walikubali, wasiokubali waliendelea kutumia. Kampuni ilipoteza uso, ikabakiza watu.

Mara ya pili, kwa saa sita

Mwaka uleule tulipata jaribio ambalo hakuna mtafiti angeweza kuliandaa. Jumatatu tarehe 4 Oktoba 2021, jioni kwa saa za Afrika Mashariki, amri iliyokosewa wakati wa matengenezo iliukata mtandao wa ndani wa Facebook, na kwa muda wa saa sita hivi Facebook, Instagram na WhatsApp hazikupatikana popote duniani. Hapa njia ya katikati ilifungwa kabisa, kwa kila mtu, kwa dakika moja. Durov alisema Telegram ilipata wageni zaidi ya milioni 70 siku hiyo. Linganisha na wale milioni 25 wa Januari: hasira ilileta milioni 25 kwa siku tatu, ukosefu ulileta karibu mara tatu ya hao kwa siku moja.

Baada ya saa sita usiku WhatsApp ilirudi, na asubuhi wafanyabiashara wa mtandaoni wa Kariakoo na Nairobi walikuwa wanapokea oda palepale pa jana. Saa sita hazikutosha grupu kuota mizizi kwingine. Siku sita zingetosha? Naamini ndiyo.

Uganda inanipa sababu ya kusita kidogo hapo. Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii, WhatsApp ikiwemo. Wengi walilipa, na wengi wengine walijifunza kutumia VPN, programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao. Januari 2021, katika majuma yaleyale ya sakata la sera ya faragha, serikali ilifunga mitandao yote kabla ya uchaguzi, kisha ikafungua mingine na kuiacha Facebook imefungwa kwa miaka. Waganda hawakuhamia mtandao mwingine kwa jumla yao. Waliendelea kuingia Facebook kwa VPN. Mtu atapita dirishani kabla hajakubali kuwaacha wenzake, ili mradi dirisha lipo. Kwa hiyo kufungwa pekee hakutoshi. Lazima kuwe hakuna pa kupenya.

Waliohamwa kweli

BlackBerry Messenger (BBM) ilikuwa na watu waliojivunia PIN zao, yaani utambulisho wao wa BBM, kuliko namba zao za simu, na hadi Oktoba 2013 ilifanya kazi kwenye simu za BlackBerry peke yake. Siku mtu anabadilisha simu, BBM inabaki kwenye droo. Hakuna kukaa na zote mbili. Kila aliyenunua Android aliondoka bila kutangaza, na hakuweza kurudi. BBM ilipofunguliwa kwa simu nyingine, WhatsApp ilikuwa imeshawakusanya. Huduma yake ya kawaida ilifungwa tarehe 31 Mei 2019.

MySpace, iliyonunuliwa na News Corp kwa dola milioni 580 mwaka 2005 na kuuzwa kwa takriban dola milioni 35 mwaka 2011, ilihamwa kwa njia nyingine. Facebook haikuomba umati wa MySpace uje. Ilianza Harvard Februari 2004, ikaenda chuo kimoja baada ya kingine, na kila chuo kilikuwa jamii iliyokamilika: darasa lako, bweni lako, timu yako, wote ndani ya majuma machache. Hakukuwa na mjomba wa Tanga wa kusubiriwa. Ilipowafungulia watu wote Septemba 2006, tayari ilikuwa na magrupu mengi madogo yaliyojaa, na wengine walikuja kwa sababu watu wao walikuwa wameshatangulia. Mei 2009, kwa hesabu za comScore, iliipita MySpace huko Marekani.

Ukiweka visa hivi karibu na Januari 2021, naona sharti lilelile. Watu huhama pale ambapo hawawezi kubaki na vyote viwili, au pale ambapo kikundi kizima kinaweza kuondoka bila kuacha mtu. Ubora wa mpinzani ni wa lazima lakini hauanzishi safari.

Je, wapinzani walitoka mikono mitupu? Hapana, na hapa wachambuzi wengi wanakosea upande wa pili, kwa kusema ghasia zote zile hazikubadilisha kitu. Wengi wa waliopakua Telegram hawakuifuta. Waliipa kazi nyingine: filamu za mfululizo, noti za wanafunzi, chaneli za habari, magrupu ya maelfu ya watu wakati grupu la WhatsApp lilikuwa linagota watu 256. Machi 2025 Telegram ilitangaza kupita watumiaji bilioni 1. Na WhatsApp, iliyokuwa imelala, iliamka. Iliongeza ukubwa wa grupu hadi watu 512 na kisha 1,024 ndani ya mwaka 2022, na mwaka 2023 ikaleta chaneli zake, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuzipata. Aliyefaidika na hasira ya 2021 ni pamoja na yule ambaye hakuhama. WhatsApp yenyewe ilipita watumiaji bilioni 3 mwaka 2025.

Eneo ambalo hasira ile iliuma ni kwa wasimamizi. Uturuki ilifungua uchunguzi tarehe 11 Januari 2021 na kuizuia sera isitumike kwa watu wake. India ilichunguza, na Novemba 2024 ikatoza faini. Nigeria ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu ni nchi ya Kiafrika iliyoshikilia faili la sera ileile kwa zaidi ya miaka mitatu. Julai 2024 tume yake ya ushindani na ulinzi wa mlaji iliitoza Meta, jina jipya la kampuni ya Facebook, dola milioni 220, na Aprili 2025 baraza la rufaa likaikubali adhabu hiyo. Miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba Wanigeria walipewa masharti mabaya kuliko Wazungu kwa huduma ileile. Tanzania, Kenya na Uganda wana watumiaji waliopewa masharti yaleyale, wana sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, na nataka kuona ofisi zetu zikiuliza swali hilohilo kwa sauti hiyohiyo.

Ulaya imekwenda kwenye fundo lenyewe. Sheria yake ya masoko ya kidijitali inaitaka WhatsApp ikubali kupokea na kupeleka meseji kwa programu nyingine zitakazoomba, kuanzia mazungumzo ya watu wawili na baadaye magrupu. Likifika kwenye magrupu na likafanya kazi, mwenyekiti wa kamati ataweza kuwa upande mmoja na mjomba upande mwingine, na orodha ya michango ikawafikia wote wawili. Kwa sasa ni huko tu, kwa programu zitakazoomba na kwa mtumiaji atakayeliwasha mwenyewe. Mwenye namba ya +255 au +254 hamo.